Mwongozo Kamili wa Kufundisha Michanganyiko na Miyeyusho katika Shule za Msingi za Mombasa kwa Uchunguzi wa Vitendo

Mtoto wa gredi ya 4 anaweza kukariri kwa muda mfupi kwamba mchanganyiko ni vitu viwili au zaidi vilivyowekwa pamoja, na bado ashindwe kueleza chumvi imekwenda wapi baada ya kukorogwa majini. Ukimwuliza, atasema imekwisha, au imegeuka maji. Mwongozo huu umejengwa juu ya msimamo mmoja: fasili ije mwisho, na mwanzo uwe ni kazi ya mikono ya kutenganisha. Mtoto aliyechanganya vitu kisha akalazimika kutafuta njia ya kuvirudisha kama vilivyokuwa ndiye atakayeelewa tofauti ya mchanganyiko wa kawaida na myeyusho, kwa kuwa ameona mwenyewe ni kipi kinachotoka kwa vidole, ni kipi kinachotoka kwa chujio, na ni kipi ambacho hakitoki mpaka maji yenyewe yaondoke.

Mpango huu unafaa wanafunzi wa gredi ya 4 hadi ya 6. Unahitaji takriban vipindi sita vya dakika 35, pamoja na siku za kusubiri jua lifanye kazi yake. Mwalimu aliye Mombasa ana bahati katika somo hili, kwa sababu bahari iko karibu, jua ni kali, na jikoni mwa pwani mmejaa vyombo vya kutenganishia vitu ambavyo watoto wamevizoea tangu utotoni.

Maandalizi

Vifaa vingi hupatikana dukani na nyumbani. Tafuta chumvi laini, sukari nyeupe, kipande cha sukari guru, mchele, choroko, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, nazi moja, pakiti ya mabuyu ya rangi, na misumari midogo. Sumaku utaipata kwa fundi wa redio, kwani kila spika iliyoharibika ina sumaku ndani yake, na mafundi wengi huitoa bure ukiwaeleza kuwa ni ya shule. Chupa tupu za maji za plastiki zikatwe katikati: nusu ya juu ikigeuzwa huwa faneli, na nusu ya chini huwa bilauri. Kingo zake zisuguliwe au zizungushiwe utepe, kwa maana hukata vidole. Ongeza sahani nyeupe bapa, vitambaa safi vya pamba, chujio la chai, uteo, na kifumbu (kikapu cha kukamulia tui) kama kipo.

Mchanga wa ufuoni uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa mpaka maji yatoke angavu, kisha uanikwe ukauke. Mchanga ambao haujaoshwa una chumvi ya bahari na vumbi laini, na vitu hivyo viwili vitawapotosha watoto katika majaribio ya baadaye, kwa kuwa watapata chumvi mahali ambapo hawakuitia.

Gawa darasa katika makundi ya watoto watano au sita. Darasa la watoto 50 au zaidi halizuii kazi hii, mradi kila mtoto awe na jukumu: mmoja anakoroga, mmoja anapima, mmoja anaangalia saa, mmoja anaandika, na mmoja anaeleza kundi limeona nini. Majukumu yabadilishwe kila kipindi, la sivyo mtoto mwenye haraka ndiye atakayeshika kijiko siku zote na wengine watabaki watazamaji. Waruhusu pia wajadiliane kwa Kiswahili wanachokisema nyumbani wakati wa kuchunguza, hata kama maandishi ya mwisho yatakuwa kwa Kiingereza. Mtoto anayetafuta maneno hupoteza kile anachokiona.

Kanuni za usalama zielezwe kabla ya kifaa chochote kuguswa. Ya kwanza ni kwamba hakuna kuonja, hata ikiwa kilichomo ni sukari, kwa sababu tabia ya kuonja itamfuata mtoto mpaka kwenye maabara ya sekondari ambako kilichomo hakitakuwa sukari. Kanuni hiyo pia huwaondolea tabu watoto waliofunga mwezi wa Ramadhani, ambao wataweza kushiriki kila hatua bila wasiwasi. Ya pili ni kwamba maji ya moto hushikwa na mwalimu peke yake. Ya tatu ni kwamba dawa za kung'arisha nguo, asidi za kusafishia vyoo na mafuta ya taa zisiingie darasani kabisa. Dawa ya kung'arisha ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya klorini yenye sumu, na mtoto aliyefurahia kuchanganya vitu shuleni anaweza kujaribu nyumbani. Mweleze hatari hiyo waziwazi, usimwachie aigundue.

Kipindi cha kwanza: mchanganyiko mkavu

Kila kundi lipewe bakuli lenye mchele, choroko, mchanga na misumari midogo, vyote vikiwa vimechanganywa. Kabla hawajagusa chochote, waandike watatoa nini kwanza na kwa njia gani. Utabiri huu ni muhimu kuliko kazi yenyewe, kwa sababu ndio unaomfanya mtoto atazame kwa makini aone kama alikuwa sahihi.

Kisha waache wachague vifaa. Wapo watakaoanza kuokota choroko moja moja kwa vidole, na baada ya muda watachoka na kutafuta njia bora. Wapo watakaoburuta sumaku juu ya bakuli na kutoa misumari yote kwa mpigo mmoja. Chujio la chai litapitisha mchanga na kuzuia mchele. Mtoto anayemsaidia bibi yake kupepeta mchele atajua matumizi ya uteo kabla hujamwonyesha, na inafaa apewe nafasi aonyeshe wenzake.

Kazi ya mwalimu hapa ni swali moja, lirudiwe katika kila kundi: ni sifa gani ya kitu hiki iliyokuwezesha kukitoa? Jibu likiwa "nimetumia chujio", halijatosha. Chujio limefanya kazi kwa sababu chembe za mchanga ni ndogo kuliko za mchele. Sumaku imefanya kazi kwa sababu msumari ni chuma na mchele si chuma. Uteo unafanya kazi kwa sababu makapi ni mepesi. Kila njia ya kutenganisha hutegemea tofauti ya sifa, na mtoto akishika jambo hili katika kipindi cha kwanza, vipindi vyote vinavyofuata vitakuwa ni kutafuta tofauti hiyo iko wapi.

Ukipenda kuwaonyesha kwamba huu si mchezo wa darasani tu, waeleze kuhusu mgodi wa Kwale, ng'ambo ya Likoni, ambao ulichimba mchanga wenye madini ya titani hadi mwisho wa mwaka 2024. Chembe nzito zilitenganishwa na mchanga mwepesi kwa maji yaliyotiririshwa kwenye mifereji ya mzunguko, kisha madini yakatenganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa sumaku na kwa umeme. Ni swali lile lile la sifa, kwa mitambo mikubwa.

Kipindi cha pili: nini huyeyuka na nini hakiyeyuki

Kila kundi litayarishe bilauri tano, kila moja na mililita 100 za maji safi. Katika kila bilauri kitiwe kijiko kimoja cha chai cha kitu kimoja: chumvi, sukari, mchanga, unga wa ngano, na mafuta. Waandike utabiri, wakoroge kwa dakika moja, waandike wanachokiona, kisha waache bilauri zitulie kwa dakika kumi na waandike tena. Kutazama mara mbili ndiyo siri ya jaribio hili.

Mchanga utazama mara tu mkono unapoacha kukoroga. Mafuta yatavunjika matone, kisha matone yatapanda na kuungana juu kuwa utando mmoja. Chumvi na sukari zitatoweka machoni na maji yatabaki angavu. Bilauri ya unga ndiyo yenye mafunzo mengi. Mara baada ya kukorogwa, maji ni meupe kila mahali na watoto wengi huandika kwa uhakika kwamba unga umeyeyuka. Baada ya dakika kumi, sehemu ya juu huanza kupungua weupe, na chini hujikusanya tabaka la unga laini ambalo hupasuka na kupanda kama wingu ukigusa kwa kijiko. Usiwakosoe mapema. Waache waone wenyewe kwamba kilichoonekana kuyeyuka kilikuwa kikielea tu, na kwamba maji meupe na maji angavu hayana maana moja.

Kwa kundi linalobishana, tumia tochi ya simu. Funga mapazia au ingia kwenye kona yenye kivuli, weka karatasi nyeusi nyuma ya bilauri, kisha pitisha mwanga kutoka ubavuni. Katika maji ya chumvi njia ya mwanga haionekani kwa urahisi, kwa sababu chembe zilizoyeyuka ni ndogo mno kuutawanya. Katika maji yenye tone la maziwa au unga kidogo, njia ya mwanga huonekana wazi kama mstari. Jambo hili limepewa jina la mwanafizikia John Tyndall aliyelichunguza katika karne ya 19, lakini mtoto hana haja ya jina hilo. Anahitaji kipimo ambacho anaweza kukirudia nyumbani.

Baada ya hapo weka mabuyu mawili ya rangi katika maji. Rangi na sukari zitayeyuka na kuyapaka maji wekundu, mbegu itabaki. Mtoto aliyekula mabuyu maisha yake yote na ulimi ukawa mwekundu ataona kwamba amekuwa akifanya jaribio hili bila kujua: sehemu ya kitu kimoja huyeyuka na sehemu nyingine haiyeyuki. Kahawa chungu ya kwenye dele, birika la kahawa, ni mfano wa aina hiyo hiyo, kwa kuwa rangi na ladha vimo ndani ya maji, na machicha yametulia chini.

Tui la nazi linastahili nafasi yake. Kwa nazi uliyoleta, muombe mtoto anayejua akune na kukamua tui zito kwa kifumbu au kitambaa mbele ya darasa, kisha liache katika bilauri angavu hadi mwisho wa siku ya masomo. Tabaka zito la mafuta litapanda juu na maji hafifu yatabaki chini. Tui si myeyusho, kwa kuwa mafuta yake yamo katika matone madogo sana yaliyotapakaa majini bila kuyeyuka. Wapo walimu wanaoliruka jambo hili kwa kuona litawachanganya watoto. Kwa maoni yangu, mtoto wa pwani anayeliona tui kila wiki ana haki ya kuelezwa jambo hili, hata kwa sentensi moja.

Kipindi cha tatu: chumvi imekwenda wapi

Hili ndilo kitovu cha somo zima, na lisiharakishwe.

Anza kwa kupima uzito. Weka bilauri yenye gramu 200 za maji juu ya mizani ya jikoni pamoja na gramu 20 za chumvi zilizo kwenye karatasi pembeni, na uandike jumla ubaoni, ukihesabu uzito wa bilauri na karatasi. Uliza: tukimimina chumvi ndani na kukoroga mpaka isionekane, mizani itasoma nini? Pigeni kura. Kisha mimina, koroga, rudisha karatasi juu ya mizani, na muache mtoto asome namba kwa sauti. Uzito utabaki ule ule. Chumvi haionekani, lakini ipo yote.

Fuatisha jaribio fupi la kuondoa mkanganyiko unaowapata watoto wengi, wa kudhani kwamba sukari majini hufanya kama barafu juani. Weka kipande cha barafu katika bilauri kavu na kijiko cha sukari katika bilauri nyingine kavu, zote juani. Barafu itageuka maji bila kuongezewa chochote, kwa joto tu. Sukari itakaa pale pale siku nzima. Ukiitia maji, hapo ndipo itakapotoweka. Barafu imehitaji joto, sukari imehitaji maji, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa waulize watoto watairudisha vipi chumvi. Kwa hakika watapendekeza kuchuja, na wajaribu: wakunje kitambaa mara nne, wakiweke kwenye faneli, wamimine maji ya chumvi. Maji yatapita na kitambaa kitabaki bila kitu. Kosa hili ni zuri na linafaa kuachwa litokee, kwa sababu linawalazimisha kufikiri. Chembe zilizoyeyuka ni ndogo kuliko tundu la kitambaa chochote, hivyo ukubwa si tofauti itakayotusaidia. Tofauti iliyobaki ni kwamba maji hukauka na chumvi haikauki.

Mimina maji ya chumvi kwenye sahani bapa, kina kisizidi milimita chache, na uianike mahali penye jua na upepo. Ifunike kwa kitambaa chepesi cha wavu, kwani kunguru wa Mombasa hawaachi kitu kilichoanikwa, na vumbi huharibu matokeo. Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, sahani hukauka kwa siku moja au mbili. Wakati wa masika hali ni tofauti: hewa ina unyevu mwingi na mvua inakuja bila taarifa, hivyo ni afadhali mwalimu akaushe kwa moto mdogo kwenye sufuria, watoto wakiwa mbali. Moto uondolewe kabla maji hayajaisha kabisa, kwa sababu chumvi inayokaribia kukauka hurukaruka na kuunguza.

Kundi moja liweke sahani yake kivulini badala ya juani. Itachukua siku nyingi zaidi, lakini fuwele zake (punje za chumvi) zitakuwa kubwa na nzuri zaidi. Ukizitazama kwa lenzi ya kukuzia, au kwa kamera ya simu iliyosogezwa karibu, utaona vipande vya mraba vyenye pembe zilizonyooka, baadhi vikiwa na ngazi ndogo katikati. Umbo hilo la mchemraba ni la chumvi. Mtoto aliyeliona hana haja ya kuonja ili ajue amepata nini.

Kipindi cha nne: maji manne ya Mombasa

Uchunguzi huu hauhitaji kununua chochote, na matokeo yake yanahusu maisha ya kila nyumba. Waombe watoto walete maji ya aina nne katika chupa zilizoandikwa: maji ya bahari, maji ya kisima, maji ya mfereji, na maji ya mvua kama yapo. Pima mililita 100 za kila aina, zimwage katika sahani nne zinazofanana, zianike pamoja, na watoto watabiri ni ipi itakayoacha mabaki mengi.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, kwa hiyo sahani yake itabaki na kama gramu 3.5, zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Maji ya mvua hayataacha karibu kitu. Maji ya mfereji yataacha utando mwembamba. Kisima ndicho kitakachozua mjadala, kwa kuwa visima vya Mombasa hutofautiana sana kutoka mtaa hadi mtaa. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, ambayo ni chokaa, na maji yanayopita ndani yake huyeyusha sehemu ya chokaa hiyo. Mahali ambapo maji yanavutwa kwa wingi karibu na pwani, maji ya bahari nayo hupenya chini kwa chini. Ndiyo maana maji ya visima vingi yana ladha ya chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, na birika hujenga ganda jeupe ndani. Ganda hilo ni kitu kilichokuwa kimeyeyuka, kikarudi kuwa kigumu.

Waelekeze watoto watazame mabaki ya bahari siku inayofuata asubuhi. Mara nyingi yatakuwa yamelowa tena bila ya mtu kuyagusa. Maji ya bahari hayana chumvi ya mezani peke yake. Yamo pia madini ya magnesi, ambayo hunyonya unyevu wa hewani na yana uchungu. Wanaotengeneza chumvi kule Gongoni, kaskazini ya Malindi, huyahamisha maji ya bahari kutoka bwawa hadi bwawa juani, wakivuna chumvi na kuyaachilia maji machungu yanayobaki mwisho.

Hapa mwalimu aseme jambo moja kwa uzito. Maji kuwa angavu hakumaanishi kuwa ni salama. Kisima kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kutoa maji yanayong'aa yenye vijidudu vya kipindupindu, na kitambaa kinachozuia mchanga hakizuii vijidudu. Watoto wanaotoka kwenye somo la kuchuja wakiamini kwamba maji yaliyochujwa yanafaa kunywewa watakuwa wamefundishwa hatari. Kuchemsha huua vijidudu, ingawa hakuondoi chumvi.

Ikiwa muda unaruhusu, tengenezeni maji yasiyo na chumvi kutoka kwa maji ya bahari. Mimina maji ya bahari katika beseni pana kwa kina cha vidole viwili, simamisha bilauri tupu nzito katikati, funika beseni kwa plastiki angavu na kuifunga kando isipitishe hewa, kisha weka kokoto moja juu ya plastiki, sawa na bilauri, ili plastiki ibonyee. Baada ya saa kadhaa za jua, mvuke utageuka matone ya maji chini ya plastiki na kudondokea bilaurini. Mavuno ni machache, pengine vijiko vichache tu. Kausha tone lake juu ya kioo kando ya tone la bahari, na tofauti itaonekana: moja litaacha doa jeupe, jingine halitaacha.

Kipindi cha tano: kasi na kikomo

Mambo mawili huchanganywa mara nyingi katika somo hili, hata na watu wazima: kitu kuyeyuka haraka, na kitu kuyeyuka kwa wingi. Yafanyiwe majaribio tofauti.

Kwa kasi, tumia sukari guru. Vunja vipande viwili vya uzito sawa, kimoja kitwangwe na kingine kiachwe kizima, kisha vitiwe katika maji ya kiasi na joto sawa bila kukorogwa. Jaribio la pili lilinganishe maji yaliyokorogwa na yasiyokorogwa, na la tatu, linalofanywa na mwalimu, lilinganishe maji ya moto na ya baridi. Sisitiza kwamba katika kila jaribio kibadilishwe kitu kimoja tu. Kundi lililotwanga na pia kukoroga halitajua ni kipi kilicholeta mabadiliko, na ni vyema waambiwe warudie kuliko kupewa jibu.

Kwa kikomo, kila kundi lipime mililita 50 za maji na kuongeza chumvi laini kijiko kimoja kimoja cha chai, kila kijiko kikisawazishwa kwa rula, na wakikoroga mpaka chumvi iishe kabla ya kuongeza. Kijiko cha kwanza kitatoweka upesi. Cha tatu kitakawia. Cha nne, hata wakikoroga mpaka mkono uchoke, kitaacha chembe chini, kwa sababu mililita 50 za maji hubeba takriban gramu 18 za chumvi na si zaidi. Maji hayo yamejaa. Sukari ni jambo jingine: maji hayo hayo hubeba takriban gramu 100 za sukari, yaani vijiko kama 25, hivyo ifanywe na mwalimu mara moja mbele ya wote ili kuepuka israfu. Maji ya moto hubeba sukari nyingi zaidi mno, ilhali chumvi huongezeka kidogo tu, kutoka gramu 36 hivi kwa kila mililita 100 hadi kama 39 maji yanapochemka. Watoto wa gredi ya 6 wanaweza kuchora matokeo haya kwa grafu.

Kutenganisha rangi za kalamu kwa karatasi ni kazi ya dakika chache na inapendeza. Chora mstari wa kalamu nyeusi ya wino wa maji sentimita mbili kutoka mwisho wa ukanda wa karatasi ya chujio au tishu nene, na uchovye ncha ya ukanda majini, mstari ukibaki juu ya maji. Maji yatapanda na kuzibeba rangi kwa kasi tofauti, na weusi utagawanyika kuwa buluu, nyekundu au manjano kulingana na kalamu.

Kipindi cha sita: kupima uelewa

Sasa ndipo fasili ziandikwe, na ziandikwe na watoto. Waulize mchanganyiko ni nini, na myeyusho ni mchanganyiko wa namna gani. Majibu yao yatakuwa na mifano waliyoishika kwa mikono, na kazi ya mwalimu itakuwa ni kunyoosha lugha tu: myeyusho ni mchanganyiko ambamo kitu kimoja kimetapakaa ndani ya kingine kwa usawa kila mahali, hakitulii chini, wala hakizuiliki na chujio. Wajue pia kwamba si kila myeyusho una maji. Hewa ni myeyusho wa gesi, yenye takriban asilimia 78 ya naitrojeni na 21 ya oksijeni, na shaba ya manjano, inayotumika kutengenezea madele ya kahawa, ni myeyusho mgumu wa shaba na zinki.

Kipimo bora si mtihani wa kuandika. Lipe kila kundi mfuko wenye mchanga, chumvi, misumari midogo na unga wa mbao wa seremala, na uwaambie warudishe vyote vinne vikiwa vikavu na vimetengana. Wasiguse kitu mpaka wameandika mpangilio wa hatua na sababu ya kila hatua. Mpangilio ndio unaoonyesha uelewa: sumaku ianze wakati mchanganyiko ni mkavu, maji yafuate, unga wa mbao unaoelea uenguliwe juu, mchanga uchujwe, na maji yanayobaki yaanikwe. Kundi linaloanza na maji halijakosa kabisa, ila misumari yake itashika kutu, na unga wa mbao ulioloa utang'ang'ania kila kitu.

Unapowapa alama, tazama hasa kinachofanyika kwenye hatua ya kuchuja. Makundi mengi huanika mchanga mara tu maji yanapoacha kudondoka, na mchanga huo ukikauka utakuwa na chumvi, kwa sababu maji yaliyobaki kati ya chembe zake yalikuwa ni myeyusho. Kundi linalomimina maji safi kidogo juu ya mchanga ungali kwenye kitambaa, kisha likayaongeza maji hayo kwenye sahani ya chumvi badala ya kuyamwaga, limeelewa somo lote, na lipewe alama za juu hata kama chumvi yake itachelewa kukauka kwa siku moja.